Mtunzi Anajulikana: Kuwasikiliza Les Mangelepa Mbarara na Nakivale

Hakiki hii nimeiandika mara mbili. Mara ya kwanza niliiandika Mbarara, katika chumba cha kupanga, nikiwa na simu, visikilizio na daftari la somo la uhakiki. Mara ya pili niliiandika baada ya kuisikiliza albamu ile ile katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nimeketi kwenye kigoda kando ya mzee mmoja Mkongo ambaye ujana wake wote alipiga gitaa. Hakiki ya kwanza ilipata alama nzuri. Hata hivyo ilikuwa na kosa ambalo mwalimu hakuliona, na mimi mwenyewe nisingeliona kama nisingepanda taksi ya kwenda Nakivale. Ninawaomba wanafunzi wenzangu na walimu wetu mnivumilie nianze na ile ya kwanza, ili kosa lenyewe lionekane lilipokaa.

Albamu ninayoizungumzia inaitwa Last Band Standing, ya Orchestre Les Mangelepa, iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Strut ya London. Wasomaji wa umri wangu huenda hawalifahamu jina la bendi hii, ingawa wazazi wao waliicheza. Les Mangelepa iliundwa Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki wa Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, waliojiondoa katika Baba National, bendi ya Baba Gaston. Gaston mwenyewe alikuwa ametoka Kongo, akapitia Dar es Salaam, kisha akahamia Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa na studio, kiwanda cha kufyatua santuri na wanunuzi wa santuri hizo, kwa hiyo wanamuziki walimiminika kutoka kila upande. Ndugu wawili Kinyonga walitoka Tanga na kuwa Simba Wanyika. Super Mazembe walitoka Kongo wakipitia Zambia. Samba Mapangala alitoka Kongo akapiga muziki Kampala kwanza, akaingia Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Muziki tunaouita wa Kenya wa kipindi hicho, kwa sehemu kubwa, ni muziki wa watu waliokuwa ugenini.

Baadaye mambo yalibadilika. Katikati ya miaka ya 1980 wanamuziki wengi wa Kongo walibanwa na masharti ya vibali vya kazi nchini Kenya. Kaseti za kunakiliwa ziliua soko la santuri. Kumbi zilizokuwa zikilipa bendi ya watu kumi au zaidi zikaanza kumlipa mtu mmoja mwenye mashine. Wengine walirudi kwao, wengine walihamia bendi nyingine, wengine walifariki. Sitasema kwamba Les Mangelepa ilivunjika ikaungwa. Ilipungua na kutawanyika, kisha waliobaki wakakusanyana chini ya kiongozi wao Kabila Kabanze, ajulikanaye kama Evany, nafasi zilizoachwa wazi zikajazwa, wakaingia studio jijini Nairobi wakiwa wazee. Zao la mkusanyiko huo ndilo albamu hii.

Katika hakiki yangu ya kwanza niliisifu albamu kwa jambo moja la fani, na sifa hiyo bado ninaishikilia. Nyimbo za aina hii zina sehemu mbili. Kwanza huja beti, taratibu, waimbaji wakieleza kisa chao. Kisha mwendo hubadilika, magitaa yanaanza kujibizana, tarumbeta na saksofoni zinaingia, na watu wanaacha kusikiliza kwa masikio tu. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam huiita chemko. Santuri ndogo ya zamani, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, haikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja. Wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mtu alilazimika kuinuka, kuinua sindano, kugeuza santuri na kuanza tena, mara nyingi mahali pale pale ambapo miguu ilikuwa imekwisha kuamka. Vizazi viwili vilizijua nyimbo hizi zikiwa na jeraha katikati.

Katika Last Band Standing jeraha hilo limepona. "Nyako Konya" na "Embakasi", vibao vilivyoitangaza bendi hii miaka ya 1970, vinatiririka kutoka ubeti hadi chemko bila mtu kuinuka. Msikilizaji anagundua kwamba badiliko la mwendo, ambalo kwenye santuri lilionekana kama nyimbo mbili zilizobandikwa, kumbe limeandaliwa tangu mwanzo. Niliandika kwamba kurekodi upya hapa ni zaidi ya kurudia, kwa sababu wimbo umerudishiwa umbo lake la ukumbini.

Kisha nikaanza kulaumu, na lawama zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni jina. Kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Bendi ya mwisho iliyosimama". Jina hilo linauza, lakini si kweli. Hapa Uganda, Afrigo Band ya Moses Matovu ilianza mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya Mangelepa, na haijawahi kuweka ala chini. Dar es Salaam, Msondo Ngoma wanauhesabu umri wao tangu NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Sikinde, yaani Mlimani Park, walianza mwaka 1978. Mtu wa Kampala au Dar es Salaam hawezi kuamini kwamba Mangelepa ndio wa mwisho. Jina hilo limeandikiwa mtu aliye mbali, anayependa kuambiwa kwamba amefika dakika ya mwisho kabla mlango haujafungwa.

Lawama ya pili ilikuwa nzito zaidi. Nilisema kwamba wazee hawa wamerudi na nyimbo zile zile. Nililitazama jambo hilo kwa upana. Mwaka 1996 wazee wa Havana waliingia studio, na mwaka uliofuata dunia ikapata Buena Vista Social Club. Orchestra Baobab ya Dakar, iliyoundwa mwaka 1970 na kunyamaza miaka ya 1980, ilirudi jukwaani mwaka 2001, na mwaka 2002 ikatoa Specialist in All Styles. Lebo iliyosimamia kazi hizo zote mbili, World Circuit, ni ya London vilevile. Ukizitazama pamoja unaona mtindo: mzee anatafutwa, anaulizwa kuhusu ujana wake, anaombwa aupige tena. Ni nadra kuulizwa ametunga nini tangu hapo. Nikamweka Samba Mapangala upande wa pili wa mizani. Mwaka 2011, akiwa tayari anaishi Marekani, alitoa albamu yenye jina la Kiswahili, Maisha ni Matamu, na ndani yake ukiwamo wimbo kuhusu masokwe wa milima ya Virunga, milima ambayo sisi wa kusini magharibi mwa Uganda tunaihesabu kuwa jirani. Huyo, niliandika, ndiye aliyerudi na neno jipya.

Nilimalizia kwa sarufi, kama tulivyofundishwa kuanza na neno lenyewe. Redioni nyimbo hizi huitwa zilipendwa. Changanua: zi- ni kiambishi cha ngeli, -li- ni wakati uliopita, -pend- ni mzizi, -wa inaonyesha kutendwa. Kinachopendwa kiko nyuma yetu na anayependa hatajwi. Nikaandika kwamba albamu ya Mangelepa imekubali kukaa ndani ya hiyo -li-, na kwamba bendi inayojiheshimu ingetafuta -na- au hata -ta-. Mwalimu alipiga mstari chini ya sentensi hiyo na kuandika "Vizuri".

Nilikwenda Nakivale kwa sababu nyingine kabisa. Muhula uliotangulia, kwa ajili ya somo la fasihi simulizi, nilikuwa nimekusanya nyimbo sita kutoka kwa mzee mmoja wa eneo liitwalo New Congo, nami nilikuwa nimemwahidi kumpelekea rekodi hizo kwenye kadi ya simu. Ahadi ni deni. Taksi kutoka Mbarara hufuata barabara ya Isingiro, kisha huacha lami, na kuanzia hapo vumbi linakutambulisha kwa kila mtu kabla hujasalimu.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na wengi wanapokutana sokoni lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Sisi tunaosomea Kiswahili Mbarara tuna mazoea ya kusema kwamba lugha hii bado inatafuta mizizi katika magharibi ya Uganda. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 ifundishwe katika shule zote za msingi na sekondari, tulijadili walimu watapatikana wapi. Safari ya taksi moja tu kutoka madarasani mwetu kuna maelfu ya watu wanaonunua chumvi, wanaosali na wanaogombana kwa Kiswahili kila siku. Tunakwenda kwao kuchukua data.

Mzee ninayemzungumzia alizaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na alijifunza gitaa Lubumbashi. Alikuwa na bendi yake Kalemie, ya watu saba. Vita vilipowafikia, alipitia Uvira na Bujumbura, na safari ndefu ikamfikisha Isingiro. Gitaa lake ni gitaa kavu lenye nyuzi tano za dukani na moja ya waya wa breki za baiskeli. Gitaa la umeme lipo kanisani, naye hulipiga Jumapili tu, kwa nyimbo za kanisani tu. Kwenye harusi za wazee wenzake huitwa apige vibao vya zamani, na wimbo anaoombwa kuliko wote ni "Embakasi".

Nilimsalimu, "Shikamoo, Papa," kwa maana majirani zake wote humwita hivyo. Nikampa kadi, na kwa kuwa albamu ya Mangelepa ilikuwa kwenye simu yangu nikamuuliza kama angependa kuisikia. Hakuwa na habari kwamba ipo. Niliweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, nikaanza na "Embakasi".

Alisikiliza mpaka waimbaji walipoingia, kisha akaniuliza, "Njo bao wenyewe?"

"Ndiyo, Papa, ni wao wenyewe."

"Banazeeka," akasema, akatabasamu.

Ninaomba tusimame kidogo kwenye neno hilo. Katika Kiswahili tunachofundishwa, -na- inaonyesha jambo linaloendelea, hivyo ningetafsiri kwamba wanazeeka, wako katika kuzeeka. Katika Kiswahili cha Katanga -na- hiyo ya mzee ni ya jambo lililokwisha kutimia na matokeo yake yapo mbele yetu: wamekwisha kuwa wazee, sikia. Mizani yangu ya -li- na -na-, ile iliyopigiwa mstari na mwalimu, niliijenga juu ya Kiswahili kimoja na kudhani ni Kiswahili chote. Kwa mzee huyu, kusema kwamba nyimbo "zinapendwa" kungekuwa na maana ya kuwa zimekwisha kupendwa na hapo ndipo zilipo. Ule ukuta niliouona kati ya zamani na sasa, katika lugha yake haukuwa na mahali pa kusimama.

Jambo la pili lilikuwa dogo zaidi. Wimbo ulipokaribia kubadili mwendo, vidole vyake, vilivyokuwa vikifuata gitaa la ridhimu juu ya goti, vilisimama. Vilikaa kimya sekunde mbili au tatu. Wimbo ukaendelea bila yeye, ndipo akacheka na kuukimbilia. Nikamuuliza kwa nini alisimama. Akajibu kwamba alijifunza wimbo huo kwenye santuri ya bwana mmoja wa Lubumbashi, na hapo ndipo bwana alipokuwa akiinuka kuigeuza. Harusini yeye husimama hapo mpaka leo, na wazee wenzake huitumia nafasi hiyo kupumua. Kile nilichokiita jeraha, kwake kilikuwa sehemu ya wimbo. Hakukasirika kwamba kimeondolewa. "Bao njo bana wimbo," alisema, wao ndio wenye wimbo, na mwenye wimbo ana haki ya kuupitisha pale ambapo sisi tulilazimika kusimama.

Baada ya nyimbo tatu alinyamaza. Kisha akasema jambo lililofanana na lawama yangu ya pili, lakini lilitoka mahali pengine. Alisema amefurahi kwamba wamekutana tena na wako hai. Alisema pia kwamba imemuuma kidogo, kwa maana hata wao, baada ya safari yote hiyo, wamerudi na zile zile. "Kama hata bao bantu banaomba zile zile," akasema, "mi nitaombwa zangu lini?"

Nilimuuliza kama ana zake. Alinitazama kwa mshangao. Akaniomba nichezeshe zile sita nilizomrekodi muhula uliopita, akaisimamisha ya tano.

Wimbo wa tano nilikuwa nimeupenda sana. Kuna beti mbili kwa sauti ya chini, kisha gitaa linabadili mwendo, na mwimbaji anaanza kutaja majina. Anataja jina la mtu, gitaa linanyamaza kwa muda wa mapigo manne, kisha anataja jina lingine, na gitaa linanyamaza tena. Majina ni sita. Katika fomu yetu ya ukusanyaji nilikuwa nimeujaza hivi: Aina, wimbo wa maombolezo wa jadi, wa kuwaita waliokufa. Mtunzi, hajulikani. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mzima kuhusu ukimya ule, nikaulinganisha na desturi za matanga.

Fomu ilikuwa ndani ya begi langu. Kwa kuwa nilitaka kumwonyesha kwamba kazi yake inathaminiwa chuoni, nikaitoa na kumsomea. Nilipofika kwenye neno "hajulikani" alininyooshea mkono niache.

"Nani hajulikane? Ule mutu iko mbele yako."

Alinieleza. Wimbo aliutunga yeye mwenyewe, hapa Nakivale. Majina sita ni ya wenzake wa bendi ya Kalemie. Ni desturi ya bendi za Kongo kwamba katika sebene mwimbaji humwita mpigaji kwa jina, na yule aliyeitwa hujibu kwa ala yake. Mapigo manne ya ukimya ni nafasi ya kila mmoja: hapa gitaa la solo, hapa besi, hapa saksofoni. Wawili anajua wamekufa. Mmoja alisikia yuko Zambia. Watatu hana habari zao. Ameziacha nafasi zao wazi kwa sababu hajui kama ana haki ya kuzijaza.

Kwa hiyo haukuwa wimbo wa matanga. Ulikuwa wimbo wa bendi inayojaribu kukutana tena, na mimi, niliyekuwa nimeandika kurasa tano nikiwalaumu Les Mangelepa kwa kukutana bila tungo mpya, nilikuwa nimeushika utunzi mpya kabisa mkononi na kuuandikia kwamba hauna mwenyewe. Hilo ndilo kosa la hakiki ya kwanza. Nilidhani nyimbo mpya za wazee hazipo, kumbe nilikuwa sijauliza. Muhula ule nilikuwa nimemwambia, "Papa, niimbie nyimbo za kwenu za zamani." Nami pia niliomba zilipendwa.

Baada ya siku hiyo niliisikiliza Last Band Standing kwa namna nyingine, na sasa nitasema ninachofikiri kuhusu albamu yenyewe.

Kwanza, ninaondoa sehemu ya lawama ya pili. Nilichukulia kwamba kurekodi upya wimbo wako ni kazi ndogo kuliko kutunga. Ukiisikiliza albamu huku ukimkumbuka mtu anayeita majina na kujibiwa na ukimya, unasikia kitu ambacho sauti za ujana wao hazikuweza kukisema. Mwaka 1976 mwanamuziki akiitwa anajibu, na hilo halina ajabu. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, kila saksofoni inapoingia mahali pake ni habari: huyu yupo, au yupo aliyekubali kukaa mahali pake. Sauti za waimbaji zimekwaruzwa na umri, na mkwaruzo huo umebadilisha maana bila kubadili maneno. Hata "Embakasi", jina la mahali penye uwanja wa ndege wa Nairobi, halisikiki leo kama lilivyosikika kwa vijana wa mjini. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, mwaka ule ule Nakivale ilipoanza. Mzee wangu hajawahi kupanda ndege. Lakini kwa watu waliokaa miaka mingi wakingoja jina lao litokee kwenye orodha ya kupelekwa nchi za mbali, wimbo wenye jina la uwanja wa ndege hauwezi kuitwa wa zamani.

Pili, lawama yangu kuhusu jina la albamu inabaki, na sasa ina uzito zaidi. Kuwaita hawa "wa mwisho" kunafunga mlango mbele ya wengine walio nje na ala zao. Kama tungeuliza kwa Kiswahili, swali lingekuwa: nani mwingine yupo?

Tatu, ninashikilia bado kwamba albamu ingekuwa bora kama ingekuwa imetanguliza tungo mpya. Wazee waliovuka mipaka mingi, waliotungia watu wa mji usio wao mpaka wimbo wao mmoja ukabeba jina la Kijaluo, kwa maana "nyako konya" ni maneno ya Kijaluo ya kumwomba msichana msaada, hawawezi kuwa wameishiwa maneno. Samba Mapangala ameonyesha kwamba inawezekana. Lakini lawama hiyo siwapi tena wao peke yao. Mwenye lebo huomba kile ambacho mnunuzi ataomba. Mwenye harusi huomba "Embakasi". Mwanafunzi wa fasihi simulizi huomba za jadi. Mwanamuziki mzee anazungukwa na watu wanaompenda, na kila mmoja anamwomba arudi nyuma.

Hapa ndipo uhakiki wetu wa Kiswahili unapohusika. Tuna mazoea ya kuwagawia watu kazi kabla hawajafungua kinywa. Mwenye kitabu tunamwita mwandishi, na jina lake tunaliweka juu. Mwenye santuri tunamwita msanii. Mkimbizi mwenye gitaa la waya wa breki tunamwita mtoa habari, na utunzi wake tunauita wa jadi, maana yake ni mali ya wote na kwa hiyo si yake. Fomu tunazojaza zina nafasi ya mtunzi. Tumezoea kuandika "hajulikani" kabla hatujauliza, na neno hilo likishaingia kwenye hifadhi ya idara halitoki kwa urahisi. Les Mangelepa walikuwa na bahati kwamba santuri ziliyatunza majina yao mpaka siku waliporudi kuzidai nyimbo zao. Bendi ya Kalemie haikurekodi santuri hata moja.

Nimerekebisha fomu. Mahali pa aina nimeandika "wimbo wa dansi, utunzi wa mwaka wa karibuni", na mahali pa mtunzi nimeandika jina lake kamili, pamoja na majina sita ya wenzake kwa mpangilio anaowaita. Katika insha hii simtaji, na hilo ni ombi lake. Nilipomuuliza alisema kwenye wimbo niweke, kwenye kitabu hapana, kwa maana ana faili lake ambalo bado halijajibiwa.

Kabla sijaondoka aliniomba "Embakasi" mara moja tena, na safari hii alipofika mahali pa kugeuza santuri hakusimama. Kisha akachukua gitaa kavu na kuupiga ule wa tano kuanzia mwanzo. Niliurekodi upya, dakika sita na sekunde kadhaa, pamoja na mapigo manne manne ya ukimya. Mwalimu wa somo ameniuliza kama sehemu hizo zikatwe, kwa kuwa hakuna kinachosikika. Nimemwomba ziachwe.